Hotipoti ya Kichina, kamba wa Kibiti na mdomo unaowasha: ni pilipili au ni mzio?

Ujumbe uliingia kwenye grupu letu la WhatsApp siku ya Alhamisi: "Jumamosi jioni tunaenda kula hotipoti. Kila mtu aje na njaa yake." Rafiki yetu wa Nyamisati, kule Kibiti, akajibu hapo hapo: "Kwani kuna shughuli kwa nani? Na hiyo hotipoti anabeba nani?"

Usimcheke. Kwetu hotipoti ni kile chombo cha plastiki chenye mfuniko mzito kinachobebea pilau la shughuli, uji wa mgonjwa au ubwabwa wa msibani. Aliyetuma ujumbe alikuwa na maana nyingine: ule mlo wa Kichina ambapo sufuria ya supu inachemka katikati ya meza na kila mtu anatumbukiza anachotaka. Wachina wenyewe huuita "huoguo", yaani chungu cha moto. Malaysia na Singapore wanauita "steamboat". Siku hizi Dar es Salaam migahawa ya aina hiyo ipo, na ukienda na marafiki mkagawana bili, jioni inakwenda vizuri.

Ya kwetu ilikwenda vizuri kwa saa moja hivi, halafu tukaishia hospitali na yule yule rafiki wa Nyamisati, mtu ambaye hakula kamba hata mmoja. Mimi ninayesomea sayansi ya chakula ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Hiyo ni pilipili tu, kunywa maji." Ndiyo maana naandika makala haya. Humu utapata majibu ya maswali matatu: kwa nini supu inaacha kuchemka kila mnapomimina chakula, utajuaje kamba ameiva, na inakuwaje mtu apatwe na mzio wa kamba bila kula kamba.

Hotipoti mbili, kazi mbili

Tuanze na hayo majina, maana yana fizikia ndani yake.

Hotipoti ya nyumbani haina moto. Kazi yake ni kuzuia joto lisitoke. Kati ya kuta zake mbili kuna povu lililojaa vijishimo vya hewa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto kirahisi. Mfuniko unazuia mvuke, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mvuke ukitoroka unaondoka na joto jingi sana. Lakini kuzuia si kumaliza. Joto linavuja polepole, na ubwabwa uliofungwa saa mbili asubuhi, ikifika saa tisa mchana unakuwa vuguvugu. Hapo kuna hatari ambayo wengi hatuijui: wali una bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemsha kwa kawaida. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, mbegu zile zinaamka, zinazaliana na kutengeneza sumu. Ukipasha wali upya, bakteria watakufa, lakini mojawapo ya sumu zao, ile ya kutapisha, haiharibiki. Kwa hiyo hotipoti ya ubwabwa ni ya saa chache tu, haifai kuwa stoo.

Hotipoti ya Kichina ni kinyume chake. Haina mfuniko na inapoteza joto kila sekunde, ila chini yake kuna moto unaofidia: gesi, umeme, au mkaa kwenye zile sufuria za shaba za Beijing zenye bomba katikati. Lile bomba halipo kwa urembo. Hewa ya moto inapanda ndani yake, inavuta hewa mpya kutoka chini, na mkaa unawaka vizuri zaidi. Anayewasha jiko la mkaa kwa kuliwekea bati lililokunjwa kama bomba juu yake anatumia akili ile ile.

Kwa nini supu inanyamaza ukimimina sahani nzima

Sisi kosa la kwanza tulilifanya dakika ya tano. Sahani ya kamba wa barafu ilifika, mmoja wetu akaimimina yote. Supu iliyokuwa ikitokota ikanyamaza kabisa.

Hebu tupige hesabu, si ngumu. Tuseme sufuria ina lita mbili za supu kwenye nyuzi 100. Kila kilo ya maji inapopoa kwa nyuzi moja, inatoa kilojuli 4.2 za joto. Sasa tumbukiza nusu kilo ya kamba waliotoka kwenye friza wakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwanza wapande hadi sifuri, kisha barafu iliyomo mwilini mwao iyeyuke, halafu ndiyo waanze kupata joto. Hatua ya katikati ndiyo inayokula joto jingi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, karibu sawa na joto la kuyapasha maji yale yale kutoka sifuri hadi nyuzi 80!

Ukijumlisha yote, ukachukulia kwamba karibu robo tatu na zaidi ya uzito wa kamba ni maji, supu yako inashuka kutoka 100 hadi kama nyuzi 68. Jiko la wati 1,500 litahitaji zaidi ya dakika tatu na nusu kuirudisha ilipokuwa, na hapo tumejifanya hakuna joto linalopotea hewani. Kama kamba wale walikuwa wameyeyushwa na wapo nyuzi 5, supu ingeshuka hadi kama 83 tu. Na kama angetumbukiza gramu 100 za wale wa barafu badala ya nusu kilo, isingeshuka chini ya 92.

Somo: weka kidogo kidogo, na subiri supu itokote tena kabla ya kuanza kuhesabu dakika. Mama zetu wanalijua hili bila hesabu. Mtu anayekaanga samaki akijaza karai, mafuta yanapoa na samaki wananyonya mafuta badala ya kukauka.

Jambo jingine la kuangalia ni mafuta yanayoelea. Supu ya pilipili ya mtindo wa Sichuan ina tabaka nene la mafuta juu. Tabaka hilo linazuia maji yasigeuke mvuke, kwa hiyo supu haitoi moshi mwingi na unaweza kudhani imepoa. Haijapoa. Imefunikwa tu, kama ubwabwa kwenye ile hotipoti nyingine. Wengi wanaoungua ulimi wanaungulia upande huu.

Unene mara mbili, muda mara nne

Nyama ya ng'ombe ya hotipoti hukatwa nyembamba kama karatasi, na watu huizungusha kwenye supu kwa sekunde chache kisha wanakula. Kamba hawezi kufanyiwa hivyo. Kwa nini?

Joto linapoingia ndani ya chakula linapita hatua kwa hatua, kutoka tabaka hadi tabaka, na muda linaotumia unakua kwa mraba wa unene. Unene ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, muda mara tisa. Nimepiga hesabu kwa supu ya nyuzi 95 na chakula kilichotoka kwenye friji kikiwa nyuzi 5, nikitaka katikati pafike nyuzi 63. Kipande cha nyama cha milimita 2 kinatumia kama sekunde 4. Kamba mnene wa sentimita moja na nusu anatumia kama dakika mbili. Kitonge cha samaki cha duara chenye upana wa sentimita 3 kinakaribia dakika tano. Vyote viko kwenye supu moja, mezani pamoja, na vyote kwa nje vinaonekana "vimeiva".

Hizo nyuzi 63 ndizo mamlaka za chakula za Marekani wanazoshauri kwa samaki na jamii ya kamba. Shirika la Afya Duniani kwa chakula kwa ujumla linashauri nyuzi 70. Ukiongeza nusu dakika kwa usalama, kamba hataharibika. Ukiongeza dakika tano, protini zake zinajikunja na kukamua maji nje, anakuwa kama mpira wa kandambili.

Wekundu unatoka wapi?

Kamba mbichi wa delta ana rangi ya kijivu, wengine kijani au buluu hafifu. Ukimchemsha anakuwa mwekundu wa kuchungwa. Wengi wetu tunadhani rangi imeingia kutoka kwenye supu. Hapana, alikuwa nayo tangu mwanzo.

Ndani ya ganda na ngozi yake kuna rangi iitwayo astazanthini, ndugu wa ile rangi ya karoti. Kamba haitengenezi mwenyewe kutoka mwanzo. Chanzo chake ni mwani mdogo mdogo wa majini, unaopanda kupitia chakula chake. Kamba akiwa hai, rangi hii imekumbatiwa na protini, na kukumbatiwa huko kunabadilisha namna inavyonyonya mwanga, ndiyo maana tunaiona kijivu au buluu. Joto linavuruga umbo la protini, inaachia, na wekundu unajitokeza.

Sasa angalia mtego: ganda ndilo linalopata joto kwanza. Kamba mkubwa anaweza kuwa mwekundu nje huku katikati bado hajafika popote. Usiamini rangi peke yake. Mkate mmoja katikati: nyama iwe nyeupe isiyopenya mwanga, si ya kioo kioo.

Na hili si la kupuuza, kwa sababu ya makazi ya kamba. Maji ya mdomo wa mto, yenye joto na chumvi ya kiasi, ndiyo wanayopenda bakteria wa jamii ya Vibrio. Wamo majini kiasili, bahari haihitaji kuchafuliwa ndipo wawepo. Mmoja wao, Vibrio parahaemolyticus, ni maarufu kwa kuharisha watu waliokula vyakula vya baharini vibichi au vilivyoiva nusu. Joto linawaua vizuri tu. Tatizo mezani ni vijiti: unashika kamba mbichi, unamtumbukiza, halafu kwa vijiti vile vile unachukua nyama iliyoiva na kuipeleka mdomoni. Omba koleo au vijiti vya pili viwe vya vibichi tu.

Kamba hawa wanatoka wapi?

Mhudumu alituambia kamba wake ni wa Rufiji. Siwezi kumthibitishia, ila rafiki yetu alimtazama mmoja akasema, "Huyu namjua." Tukacheka, lakini ana haki ya kusema.

Delta ya Rufiji, ambayo sehemu kubwa yake leo iko Wilaya ya Kibiti, ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Pamoja na Mafia na Kilwa, mwaka 2004 eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa kamba, mikoko ni chekechea. Kamba wakubwa hutaga baharini. Watoto wao, wadogo kuliko punje ya mchele, huingia na maji kujaa hadi kwenye vijito katikati ya mizizi ya mkoko, mchu na mkandaa. Humo wanapata chakula na maficho, wanakaa miezi michache, kisha wanarudi baharini kutaga. Kata mikoko, umefunga chekechea. Kaa wakubwa wa matopeni wanaosafirishwa wakiwa hai kwenda China nao wanaishi humo humo.

Ndiyo maana mambo ya delta hayajawahi kuwa ya wataalamu peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa shamba kubwa sana la kufuga kamba katika delta; wanavijiji wengi waliupinga, na shamba halikujengwa. Muongo uliofuata serikali ilisitisha kwa miaka kadhaa meli za kukokota kamba kwa sababu kamba walikuwa wamepungua. Mpaka leo kuna mvutano wa mikoko kukatwa kupisha mashamba ya mpunga, na juu zaidi mtoni, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Mto ukibadilika, chumvi na tope la delta vinabadilika, na kamba anaishi kwa hivyo viwili. Sahani moja ya kamba mezani ina historia ndefu kuliko bili yake.

Sasa turudi mezani

Tulipofika, kabla hata ya kukaa, tuliuliza swali moja kwa makini: supu imepikwa na mifupa ya nini? Wengi wetu ni Waislamu, na hakuna aliyekubali jibu la "unaweza kuacha nyama ukala mboga tu." Tulijua bila kufundishwa na mtu kwamba kilichopikwa kwenye supu kimo kwenye supu, na supu imo kwenye kila kitu. Mhudumu akatuhakikishia ni kuku na uyoga. Tukakaa.

Sufuria ilikuwa ya kugawanywa katikati kwa ukuta wa bati: upande mmoja pilipili, upande mwingine supu nyeupe. Rafiki yetu akasema mapema, "Mimi kamba wananikataa, msinihesabu. Nitakula nyama na mboga." Tukasema sawa. Kisha tukaweka kamba pande zote mbili.

Unaliona kosa? Lile swali tuliloliuliza kwa ajili ya nguruwe, hatukuliuliza kwa ajili ya kamba. Ukuta tuliokuwa nao tuliutumia kutenga pilipili.

Baada ya kula kabichi na nyama kwa muda, akasema midomo inamwasha na kufa ganzi kidogo. Hapo ndipo niliposema ni pilipili. Na sikuwa nimesema kitu cha ajabu, kwa sababu supu ya Sichuan inafanya hivyo hivyo. Ina vitu viwili. Cha kwanza ni pilipili hizi tunazozijua, zenye kapsaisini. Kapsaisini inafungua mlango kwenye neva uitwao TRPV1, ambao kwa kawaida hufunguliwa na joto la kuanzia nyuzi 43 hivi, kwa hiyo ubongo unaambiwa "unaungua" wakati huungui. Ugunduzi wa mlango huo ulimpa David Julius Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, akiigawana na Ardem Patapoutian. Cha pili ni punje za Sichuan, ambazo kwa hakika si pilipili. Mti wake ni wa ukoo wa michungwa. Zina kemikali inayochezea neva za mguso. Watafiti wa London mwaka 2013 walionyesha kwamba midomo iliyopakwa punje hizo huhisi kama inatetemeshwa karibu mara 50 kwa sekunde.

Kwa hiyo midomo kuwasha kwenye hotipoti ni kawaida. Bahati mbaya, midomo kuwasha pia ni moja ya dalili za kwanza za mzio.

Aliyetuokoa ni mwenzetu aliyesomea uuguzi. Hakubishana nami. Alimuuliza swali moja tu: "Umekula upande gani?" Akajibu: mweupe. Upande mweupe haukuwa na pilipili wala punje za Sichuan. Ulikuwa na kamba. Wakati tunalitafakari hilo, vipele vilikuwa vimeshatokeza shingoni na ameanza kukohoa na kusafisha koo. Tukaacha chakula, tukachukua bajaji, hospitali haikuwa mbali. Alichomwa sindano ya adrenalini, wakamweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, akarudi nyumbani mzima.

Kamba ndani ya kamba

Imekuwaje, wakati hakula? Na je, kuchemsha hakuui kile kitu?

Wengi wenye mzio wa kamba, mwili wao unapambana na protini ya misuli iitwayo tropomaiosini. Umbo lake ni nyuzi mbili zilizosokotana, yaani ni kamba, hii ya kufungia mbuzi, iliyo ndani ya kamba wa kuliwa. Protini nyingi zikichemshwa umbo lake linaharibika moja kwa moja, kama ute wa yai usivyoweza kurudi kuwa maji. Tropomaiosini ni mkaidi. Ikipata joto inalegea, ikipoa inajisokota tena. Halafu inayeyuka kwenye maji. Ukichemsha kamba, sehemu yake inatoka na kuingia kwenye supu, na kabichi yako inainyonya pamoja na chumvi na tangawizi. Hata mvuke wa sufuria ya kamba unaweza kuibeba, na wapo watu wanaodhurika kwa kuuvuta tu.

Kwa hiyo kuiva hakusaidii. Joto linaua Vibrio, haliondoi mzio. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na watu wengi wanavichanganya: "Mbona wameiva vizuri?"

Mambo mengine ya kushika:

Mzio unaweza kuanza ukubwani. Rafiki yetu alikua akila kamba tangu mtoto, ukaanza akiwa chuo. "Nimekula miaka yote" si kinga.

Mwenye mzio wa kamba mara nyingi hudhurika na kaa na kambakochi pia, kwa sababu tropomaiosini zao zinafanana. Samaki wa mapezi, kama changu au kambale, mzio wake kwa kawaida unatokana na protini nyingine, kwa hiyo si lazima wamkatae. Lakini hilo akapimwe, asijaribu mezani.

Tofautisha "kunikataa" na "kunikataa". Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa mtu anayesokotwa na tumbo akinywa maziwa na mtu anayevimba koo akila kamba. Rafiki akikwambia chakula fulani kinamkataa, muulize: kinakufanya nini? Akitaja vipele, kuvimba midomo au uso, kubanwa pumzi, kutapika ghafla au kizunguzungu, huo ni mzio, na supu ya pamoja si yake.

Dalili zikiwa ngozi pamoja na pumzi, au mtu akianza kulegea, nenda hospitali mara moja. Dawa yake ya kwanza ni adrenalini. Vidonge vya mzio vya duka la dawa vinapunguza muwasho, haviwezi kufungua koo linaloziba. Mlaze, usimsimamishe wala kumtembeza. Akishindwa kupumua vizuri akiwa amelala, aketi.

Na ikiwa huna uhakika kama ni pilipili au mzio, fuata swali la yule muuguzi: amekula kutoka upande gani, na muwasho umebaki mdomoni au umehama? Pilipili inakaa pale ilipogusa na inapungua taratibu. Mzio unasafiri.

Sufuria mbili

Mwezi uliofuata tulikwenda kwao kumjulia hali, barabara ya Kilwa kisha kushoto kuelekea Nyamisati. Tukamsimulia mama yake kila kitu, pamoja na tropomaiosini na nyuzi zake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Wanangu, mchuzi wa kamba si unanukia kamba? Sasa mlidhani kinachonukia ni nini?"

Jioni ile alitupikia hotipoti ya kwetu, nje uani, kwa sababu mkaa hauwashwi ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake ya kaboni monoksidi inaua bila harufu. Majiko mawili, sufuria mbili, miko miwili. Sufuria ya kuku na majani ya maboga ilikaa upande upepo unakotokea, ya kamba upande unakoelekea. Mwanawe alikula hadi akalegeza mkanda. Ukienda hotipoti na wenzako, swali la kuuliza kabla ya kukaa ni lile lile tuliloliuliza sisi, ila lifikishe mwisho: ndani ya supu hii kuna nini, na nani kati yetu hakiwezi?